Kichupa kwenye basi la usiku: historia ya kusubiri jibu la uvimbe wa ubongo

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu, simu na mtandao. Leo niwieni radhi, nitaandika historia. Msikimbie lakini! Kompyuta imo, msimbo umo, na safari yenyewe inaishia hapa hapa kwetu Taita Taveta.

Mwaka 2011 nilisafiri kwa basi la usiku kutoka Mombasa kwenda Nairobi nikiwa nimepakata kichupa. Ndani yake kulikuwa na kipande cha nyama, ukubwa wa punje ya mahindi, kikielea kwenye fomalini. Kilikuwa kimetolewa kichwani mwa binamu yangu, binti wa mama mdogo, aliyekuwa na miaka 9. Tuliambiwa majibu yatapatikana haraka kama familia itakipeleka yenyewe kwenye maabara huko Nairobi. Mimi wakati huo sikuwa na kazi ya kudumu, kwa hiyo nikatumwa mimi. Basi liliposimama Voi watu washuke wanywe chai, sikushuka. Niliogopa kukiacha kitini, na niliona haya kuingia nacho hotelini. Nikabaki ndani ya basi, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu, nimekishika kwa mikono miwili.

Jibu lilikuja baada ya siku 23. Uvimbe uliitwa ependimoma. Daktari alitueleza kwa upole kwamba aina hiyo inataka kutolewa yote kadiri inavyowezekana, kwa sababu mabaki ndiyo yanayoota tena. Siku ya upasuaji alikuwa ametoa sehemu tu, akasimama. Sisemi alikosea. Uvimbe ulikaa karibu na shina la ubongo, hakujua ni wa aina gani, na mtu asiyejua akifika mahali kama pale hufanya vyema kusimama. Binamu yangu akafunguliwa kichwa mara ya pili, miezi miwili baadaye. Yu hai, ni mtu mzima sasa, ila hutembea akigusa ukuta.

Tangu wakati huo nimekuwa nikijiuliza swali la mtu wa kompyuta. Siku 23 zilikwenda wapi? Na je, daktari angeweza kujua pale pale, mtoto akiwa bado amelala kwa nusukaputi?

Jibu fupi: siku hizi inawezekana. Jibu refu ndilo makala haya.

Kwanza, daktari anataka kujua nini?

Ukitolewa uvimbe mguuni au titini, daktari anaweza kukata na nyama nzima kidogo pembeni ili awe na uhakika. Kwenye ubongo hakuna nyama ya ziada. Upana wa kidole unaweza kuwa ndio usemi wako, au mkono wako wa kulia, au kumbukumbu ya sura ya mama yako. Kwa hiyo kila anachokata lazima awe na sababu ya kukikata.

Na sababu hiyo inategemea aina ya uvimbe. Kuna aina, kama limfoma ya ubongo, ambazo hutibiwa zaidi kwa dawa na mionzi. Daktari akishajua ni hiyo, hana haja ya kuendelea kuchimba. Kuna nyingine, kama ependimoma ya binamu yangu, ambazo kila kinachoachwa ni deni. Picha za MRI humpa daktari dhana nzuri kabla hajaanza, lakini dhana ni dhana. Uamuzi wa kuendelea au kusimama hufanywa na mtu mwenye kisu mkononi, na jibu likija wiki tatu baadaye, yeye ameshaufanya kwa kukisia.

Ndiyo maana nasema historia hii yote ni historia ya safari moja: safari ya kile kipande cha nyama kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtu anayeweza kukisoma, kisha safari ya jibu kurudi. Tuifuate.

Dirisha la Minnesota

Mwaka 1891, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, William Welch alijaribu kugandisha kipande cha uvimbe wa titi wakati mwenzake William Halsted akiendelea na upasuaji. Nyama mbichi ni laini na haikatiki vipande vyembamba vya kuweka chini ya hadubini. Ukiigandisha inakuwa ngumu, unaikata. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba Halsted alimaliza upasuaji kabla jibu halijawa tayari.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1905, Louis Wilson wa Mayo Clinic katika jimbo la Minnesota alipewa kazi ile ile na mmoja wa ndugu wawili wa Mayo, ambaye alitaka kujua kama uvimbe ni saratani mgonjwa akiwa bado mezani. Ilikuwa Januari, na Minnesota mwezi Januari ni baridi ambayo sisi wa Voi hatuwezi hata kuifikiria. Inasimuliwa kwamba Wilson alikitoa kipande nje ya dirisha kikaganda, akakikata, akakipaka rangi ya buluu ya methilini, akakitazama. Njia yake ilichukua dakika chache tu, na toka hapo ikaenea duniani. Mpaka leo hospitali kubwa hutumia mtoto wa njia hiyo, dirisha likiwa limegeuka mashine ya baridi.

Kwa ubongo kulikuwa na shida ya pekee. Ubongo una maji mengi, na maji yakiganda hufanya fuwele za barafu zinazotoboa chembe, mpaka picha inakuwa kama nguo iliyoliwa na mende. Suluhisho mojawapo lilitoka kwa mtu ambaye hakuanza kama daktari. Louise Eisenhardt aliajiriwa mwaka 1915 kumsaidia Harvey Cushing, mpasuaji mashuhuri wa ubongo, kuandaa maandishi yake. Baadaye akaenda kusomea udaktari, akarudi kwa Cushing kama mtaalamu wa kusoma uvimbe. Mwaka 1930 wawili hao walichapisha njia yao: chukua chembe zikiwa bado hai, zikandamize kwenye kioo, zipake rangi, zisome. Hakuna kugandisha. Eisenhardt ndiye aliyetunza daftari la uvimbe wote wa Cushing, ambao ulipita 2,000. Kwa lugha yetu ya leo, huyu mama alikuwa hifadhidata na injini ya utafutaji kwa pamoja.

Angalia jambo moja hapo. Kipande kilisafiri mita chache tu, kutoka mezani hadi chumba cha jirani. Kilichofanya njia ifanye kazi ni kwamba msomaji alikuwa karibu.

Ndege ya Entebbe

Huku Afrika Mashariki msomaji alikuwa mbali, na kwa hiyo kipande kilipanda ndege.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Mwairishi aitwaye Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu pande zote za taya. Kisha akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akauandika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakaingia kwenye gari wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000, kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmeuona uvimbe huu? Akapata ramani. Uvimbe ulifuata maeneo yenye joto na mvua. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London, na kati ya waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vitoke Kampala vipitie Entebbe kwa ndege hadi London. Kwa karibu miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha tarehe 5 Desemba 1963 ukungu ulifunga London, ndege ikageuzwa ikatua Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji ya kwenye chupa yalikuwa yamefanya ukungu, na mtu mwingine angedhani yameingia bakteria, akayamwaga. Epstein aliyaweka chini ya hadubini akaona chembe hai za uvimbe zikielea peke yake, zimetikisika zikaachana na nyama. Chembe hizo zikakuzwa maabara, na ndani yake, kwa hadubini ya elektroni, kikaonekana kirusi kipya. Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitangaza mwaka 1964. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Nairobi nayo ilikuwa na njia yake. Katika miaka hiyo ya 1960 daktari Peter Clifford, aliyekuwa akitibu uvimbe huo huo hospitali ya Kenyatta, alikuwa akituma vipande kwa ndege hadi Stockholm, Uswidi, kwenye maabara ya George Klein katika taasisi ya Karolinska.

Napenda sana hadithi ya ukungu wa Manchester. Kila nikiisoma lakini nakumbuka kichupa changu. Jibu lililotoka London mwaka 1964 lilikuwa zito, lilibadilisha sayansi ya dunia nzima. Ila lilikuwa jibu la dunia. Mtoto aliyetolewa kipande kile alikuwa amelala wodini huku Afrika Mashariki, na uamuzi kuhusu yeye ulifanywa bila hilo jibu. Nyama ilikwenda Ulaya, na kilichorudi, kiliporudi, kilikuwa kitabu.

Upasuaji wa ubongo wenyewe ulishika mizizi Nairobi baadaye kidogo. Mwaka 1967 alifika Renato Ruberti, Mtaliano kutoka Napoli. Mwaka 1972 Jawahar Dar kutoka India akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kujenga kitengo cha upasuaji wa ubongo Kenyatta. Mwaka 1979 akajiunga nao Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza kuwa mpasuaji wa ubongo, aliyesomea Belfast. Kwa hiyo kisu kilikuja. Msomaji wa kipande ndiye aliyebaki wa kutafutwa, na katika miji midogo bado anatafutwa.

Siku 23 zilikwenda wapi?

Sisi waandika programu tukiona mfumo unachelewa tunauliza: muda unaliwa wapi, kwenye kazi au kwenye foleni? Basi nikaichambua safari ya kichupa changu namna hiyo.

Kipande kinalowekwa kwenye fomalini, kama siku moja. Kinaondolewa maji, kinaingizwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kinapakwa rangi, kinawekwa chini ya hadubini. Kazi yote hiyo, ikifanywa mfululizo, ni siku mbili tatu. Nyingine 20 zilikuwa barabara, madaftari ya mapokezi, na foleni mbele ya meza ya mwanapatholojia mmoja aliyekuwa akisoma vipande vya watu kutoka kaunti nyingi. Kemia haikunichelewesha. Nilicheleweshwa na foleni.

Weka hilo akilini, tutalirudia.

Kutoka sura hadi herufi

Wakati huo huo duniani jambo jingine lilikuwa linabadilika. Kwa zaidi ya miaka mia moja uvimbe ulitambuliwa kwa sura yake chini ya hadubini. Lakini sura hudanganya. Aina mbili zinaweza kufanana kama pacha na zikawa na tabia tofauti kabisa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha uainishaji wa uvimbe wa ubongo, na kwa mara ya kwanza aina kadhaa zikatambuliwa kwa molekuli pamoja na sura. Toleo la 2021 likaenda mbali zaidi.

Molekuli gani? Kuna nyingi, ila moja ndiyo inayotuhusu. DNA yako ni ile ile katika kila chembe ya mwili, ya ini na ya ubongo. Kinachofanya ini liwe ini ni kwamba kila chembe huweka alama juu ya DNA yake, kemikali ndogo iitwayo methili, kuonyesha sehemu zipi zisomwe na zipi zifungwe. Wenzangu wa programu, ni kama msimbo mmoja mkubwa ambao kila idara imefunga mistari yake kwa alama ya maelezo. Msimbo haukubadilika, ila ukitazama mistari iliyofungwa unajua uko idara gani. Uvimbe hubeba alama za chembe ulikotoka, na kuzivuruga kwa namna yake.

Mwaka 2018 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wakiongozwa na David Capper na Stefan Pfister, pamoja na wenzao wa nchi nyingi, walichapisha katika jarida la Nature programu inayosoma alama hizo na kutaja aina ya uvimbe. Ilifunzwa kwa sampuli 2,801 na kutambua makundi 82 ya uvimbe wa mfumo wa neva. Walipoijaribu kwa wagonjwa wapya, hadi asilimia 12 ya majibu ya hadubini yalibadilika. Hebu fikiria: katika kila wagonjwa kama wanane, mmoja alikuwa ameitwa jina lisilo lake.

Shida ilikuwa muda. Mashine yao ni ya maabara kubwa na kazi yake huchukua siku kadhaa. Daktari mwenye kisu mkononi alikuwa pale pale alipokuwa Halsted mwaka 1891.

Leso na matundu

Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza iitwayo Oxford Nanopore ilianza kuwapa watafiti MinION, mashine ya kusoma DNA inayotosha kiganjani na kuchomekwa kwenye laptopu kwa waya wa USB. Ndani yake kuna matundu madogo mno ambayo umeme hupita. Uzi wa DNA ukivutwa kwenye tundu, umeme unapungua na kuongezeka kulingana na herufi inayopita. Herufi yenye methili hutikisa umeme tofauti na isiyo nayo, kwa hiyo mashine husoma herufi na alama kwa mkupuo mmoja. Tena husoma papo kwa papo: data inaanza kumiminika dakika ile ile, huhitaji kungoja mwisho.

Lakini ukiisomesha kwa nusu saa tu unapata vipande vichache, kutoka sehemu zisizotabirika. Leo utapata hapa na pale, kesho utapata kwingine kabisa. Programu iliyofunzwa kwa data kamili itafanyaje na data iliyojaa mapengo?

Hapa ndipo moyo wangu wa programu hufurahi. Chukua leso. Tuseme unazijua leso 82, kila moja na mji wake, pindo lake na jina lake. Mtu anakufunikia moja kwa karatasi iliyotobolewa matundu machache, mahali popote alipotaka, akuulize ni ipi. Mara ya pili anakuja na karatasi yenye matundu mengine. Ukikariri tundu la kona ya kushoto hutafika popote. Njia ni kufanya mazoezi: chukua leso zako kamili nyumbani, zifunike wewe mwenyewe kwa karatasi za kila namna, ukisie, ufunue, ujisahihishe, mara mamilioni.

Hivyo ndivyo walivyofanya watafiti wa Utrecht na Amsterdam, Uholanzi. Walichukua zile data kamili za Heidelberg, wakaiga kwa kompyuta mamilioni ya usomaji wenye mapengo, wakafunza mtandao wa neva wa kompyuta juu yake. Programu yao inaitwa Sturgeon, na ilichapishwa katika Nature mwaka 2023. Kati ya sampuli 50 zilizosomwa baada ya upasuaji, 45 zilipata jibu sahihi ndani ya dakika 40 tangu mashine kuanza kusoma. Kisha wakaingia nayo kwenye upasuaji wa kweli mara 25. Jibu lilipatikana chini ya dakika 90 tangu kipande kitoke. Mara 18 lilikuwa sahihi. Na zile 7 zilizobaki? Programu haikufika kizingiti cha uhakika kilichowekwa, ikakataa kutaja aina.

Hizo 7 ndizo zilizonivutia kuliko zile 18. Wangapi kati yetu tumeandika programu ambayo ikikosa jibu hutoa lolote ili ionekane inafanya kazi? Mbele ya ubongo uliofunguliwa, programu inayosema "sijui" inamwacha daktari na busara yake, kama daktari wa binamu yangu aliposimama. Programu inayobahatisha inamsukuma mkono. Msimbo wa Sturgeon uko wazi mtandaoni. Nimeusoma hapa hapa Voi, jioni, mbu wakiniuma, na nawaambia si msimbo wa kutisha.

Si njia pekee. Huko Marekani kundi la Todd Hollon na Daniel Orringer lilitumia mwanga wa leza badala ya DNA. Mwaka 2020 walionyesha, kwa wagonjwa 278, kwamba picha ya leza ikisomwa na kompyuta ilitoa jibu chini ya sekunde 150, kwa usahihi wa asilimia 94.6, wakati wanapatholojia kwa njia ya kawaida walipata 93.9. Ni kazi kubwa. Ila mashine ya leza haitoshi kiganjani, ndiyo sababu leo nimeng'ang'ania ile ya matundu.

Mashine imekwisha kupita kwetu

Najua kuna msomaji anasema: haya ni ya Uholanzi, sisi tunahangaika na umeme. Ngoja nikuambie kitu.

Mashine ile ile imeshasomea DNA shambani Kenya. Watafiti wa mradi wa virusi vya mihogo, wakiwemo wanasayansi wa Kenya, Tanzania na Uganda, waliipeleka shambani kwa mkulima huko Wangige, Kiambu, wakaweka maabara chini ya mti, na ndani ya saa tatu wakamwambia mhogo wake una virusi gani. Walichapisha habari hiyo mwaka 2019. Kabla ya hapo majani yangesafiri maabara, na majibu yangechukua miezi huku ugonjwa ukimaliza shamba. Ni kichupa changu kile kile, ila cha mihogo.

Kisha ikaja korona. Mwaka 2020 taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi ilisoma kirusi cha korona kwa teknolojia hiyo ya matundu, kutoka sampuli za kaunti sita za Pwani: Mombasa, Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Makala yao ya kwanza kubwa ilikuwa na jenomu 311 zilizokusanywa kati ya Machi na Julai 2020. Yaani pamba iliyoingizwa puani mwa mtu wa kaunti yetu ilifika Kilifi na kusomwa herufi kwa herufi, na waliosoma walikuwa Wakenya. Kipande hakikupanda ndege.

Sitaki kudanganya mtu. Kirusi cha korona kina herufi kama 30,000, binadamu ana bilioni tatu. Kusoma uvimbe ni kazi nyingine. Vile vidude vya matundu hutunzwa kwenye jokofu na dhamana yake ni wiki kama 12 tu, kisha huzidi kudhoofika hata kama hujavitumia. Inahitajika kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika katikati ya upasuaji, fundi wa maabara aliyefunzwa, na mwanapatholojia wa kuthibitisha, maana Sturgeon haikuja kumfukuza. Na kabla ya hayo yote anahitajika mpasuaji wa ubongo. Kwetu Voi mgonjwa wa namna hiyo bado hupelekwa Mombasa au Nairobi.

Lakini rudi kwenye hesabu yangu ya foleni. Kati ya siku 23, kazi ilikuwa siku tatu. Hata kama mashine isingekaa chumba cha upasuaji, hata kama ingekaa Mombasa tu, kwenye jengo lile lile alilolazwa mtoto, siku 20 zingefutika. Sehemu ngumu ya teknolojia hii, yaani hesabu, imeshafanywa na imewekwa bure mtandaoni. Iliyobaki ni jokofu, waya, mafunzo, na mtu wa kuamua kwamba mtoto wa Taita anastahili jibu siku ile ile.

Na kuna kazi yetu sisi wa programu pia. Sturgeon inajua leso 82 kwa sababu kuna watu walizikusanya. Programu huwatambua vizuri wale iliofunzwa kwao. Vipande vya wagonjwa wetu vimejaa kwenye makabati ya hospitali, ndani ya nta, na karatasi zake ziko kwenye madaftari yanayoliwa na mchwa. Mtu akianza leo kuyaingiza madaftari hayo kwenye kompyuta, kwa ruhusa na kwa usiri unaotakiwa, atakuwa anafanya kazi ya Louise Eisenhardt. Haihitaji leza wala matundu. Inahitaji uvumilivu na hifadhidata, vitu ambavyo wengi wenu mnaosoma hapa mnavyo.

Nilimwonyesha binamu yangu makala haya kabla ya kuyaweka. Alisoma mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Sasa wewe kaka, kichupa changu ulikirudisha?"

Sikukirudisha. Hata sijui kiliishia wapi. Pengine kipo bado, kwenye kabati fulani Nairobi, ndani ya nta, na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Kama kipo, basi kinaweza bado kufundisha kitu.

Nimeshaanza kumtafuta mtu wa madaftari. Nikimpata nitawaeleza. Tuonane tena wiki ijayo, tukijaaliwa.